Nyika ya Sejibrashi: Nani Aifikishe Sayansi Moto Ukishapita?

Tarehe 10 Agosti 2015 radi ilipiga nyikani kusini magharibi mwa jimbo la Idaho, Marekani, ukazuka moto ulioitwa Soda. Katika siku chache ulikuwa umeteketeza hekta zipatazo 113,000 za Idaho na Oregon. Ulipozimwa, maofisa wa ardhi ya umma walibaki na wiki chache za kuamua mambo ambayo matokeo yake yangeonekana baada ya miaka kumi au ishirini. Wapande mbegu gani? Wazimwage kwa ndege au wazifukie kwa mashine? Dawa ya magugu ipulizwe wapi, na ng'ombe warudi lini malishoni? Theluji ilikuwa njiani. Sehemu kubwa ya majibu ilikuwa imeshaandikwa, imo kwenye majarida ya kitaaluma na vichwani mwa watafiti walioitembea nyika hiyo maisha yao yote. Ninachotaka kuchambua hapa ni safari ya majibu hayo kutoka huko hadi kwenye mteremko uliogeuka majivu, na sababu zinazoyafanya yakwame njiani.

Sejibrashi ni kichaka cha rangi ya kijivu chenye kufika kiunoni au kifuani mwa mtu mzima, majani yake yamegawanyika ncha tatu, harufu yake ni kali na hung'ang'ania nguo. Ni cha jenasi ya Artemisia, yaani ndugu wa pakanga na wa ule mmea unaotoa dawa ya malaria. Kimetawala Great Basin, nchi kame na ya baridi inayochukua karibu Nevada yote na vipande vya Utah, Oregon, Idaho na California, kisha kikaenea mashariki hadi Wyoming na Montana. Msomaji aliyekulia karibu na savana au miombo aweke kando mazoea yake kidogo. Kwetu nyasi zikiungua kiangazi, mvua zikianguka zinachipua, na miti mingi ya miombo huchipua tena kutoka kwenye kisiki. Aina yake kuu, iitwayo sejibrashi kubwa, ikiungua imekufa, haina kisiki cha kuchipua. Mbegu zake ni ndogo mno, huanguka mita chache tu kutoka kwenye kichaka mama, na hazikai hai udongoni kwa muda mrefu. Moto ukila eneo la kilomita kumi kwa kumi, katikati yake panaweza kupita miongo bila kichaka kurudi chenyewe.

Hata hivyo moto wenyewe si mgeni. Nyika hii ilikuwa ikiungua tangu zamani, ila kwa nafasi. Kilichovunja mpangilio ni nyasi iitwayo chitigrasi, iliyotoka Ulaya na Asia na kuingia magharibi mwa Marekani mwishoni mwa karne ya 19, wakati malisho yalikuwa yameshachakazwa na mifugo mingi kupita kiasi. Mwanaikolojia Aldo Leopold aliiandikia insha nzima katika kitabu chake cha 1949, A Sand County Almanac, akisikitika kwamba watu walikuwa wameshaanza kuizoea. Huota vuli au mapema majira ya kuchipua, hunywa maji ya juu ya udongo kabla ya nyasi za kienyeji kuamka, na kufikia Juni imekauka kabisa. Zamani baina ya kichaka na kichaka palikuwa na udongo mtupu, na moto uliishia hapo. Sasa pamejaa nyasi kavu, moto unapita bila kizuizi. Baada ya moto, vichaka vimekwisha lakini mbegu za chitigrasi zimo udongoni tayari, na mwaka unaofuata huwa nyingi kuliko mwanzo. Mwaka 1990 mtafiti Steven Whisenant alionyesha kwamba katika uwanda wa mto Snake, Idaho, sehemu zilizokuwa zikiungua mara moja katika miaka 60 hadi 110 zilikuwa zimefikia kuungua kila baada ya miaka isiyozidi mitano. Mwaka 2013 timu ya mtafiti Jennifer Balch ilitumia kumbukumbu za setilaiti kuthibitisha mwelekeo huohuo katika Great Basin nzima.

Hasara ni kubwa. Tathmini iliyochapishwa 2022 na Idara ya Jiolojia ya Marekani, USGS, ilikadiria kwamba tangu 2001 nyika ya sejibrashi yenye hali nzuri imekuwa ikipotea kwa wastani wa ekari milioni 1.3 kila mwaka, ambazo ni zaidi ya hekta laki tano. Pamoja nayo wanaondoka wanyama wasio na pa kwenda, wa kwanza akiwa ndege mmoja mkubwa wa jamii ya kwale ambaye majira ya baridi hula majani ya sejibrashi na karibu hali kitu kingine.

Kwa hiyo maarifa ya msingi yapo, na mengine ni ya zaidi ya miaka thelathini. Tuwaangalie wanaopaswa kuyatumia.

Sehemu kubwa ya nyika hii ni mali ya umma, chini ya Ofisi ya Usimamizi wa Ardhi, BLM, inayoshika takriban hekta milioni 99, karibu moja ya kumi ya nchi nzima. Ndani ya ofisi ya wilaya ya BLM unamkuta mtaalamu wa malisho, mtu wa wanyamapori, mtu wa udongo ofisi ikiwa na bahati, na mkuu wao anayetia saini. Wapo pia Idara ya Misitu, idara za majimbo, mataifa ya wenyeji wa asili kama Washoshone na Wapaiute, na wafugaji wenye vibali vya malisho ambao familia zao zimekuwa pale vizazi vinne au vitano. Hao wote ni wasimamizi wa ardhi, na kila mmoja anahitaji jibu la aina yake.

Ni rahisi kusema hawasomi. Wanaosema hivyo mara nyingi ni watu ambao hawajawahi kushika ofisi ya wilaya msimu wa moto. Ofisa wa wilaya kati ya Juni na Septemba anaweza kuwa amekopeshwa kwenye kikosi cha zimamoto. Akirudi anakuta mpango wa ukarabati unatakiwa mezani haraka, fedha za dharura zina tarehe ya mwisho, sheria ya mazingira inadai maelezo ya kila hatua, na mbegu zilizoko ghalani ndizo zilizoko ghalani. Makala ya kurasa kumi na tano inayohitimisha kwamba matokeo yalitegemea mahali na mwaka haimpi la kufanya Jumatatu asubuhi. Mtafiti naye halipwi wala hapandishwi cheo kwa kwenda miji midogo ya nyikani kama Elko au Burns kuzungumza na watu ishirini. Hupandishwa kwa kuchapisha. Kila upande unafuata motisha yake, na baina yao hapana mwenye kazi ya kuvuka.

Kikwazo cha pili kimo ndani ya sayansi yenyewe. Nyika hii inabadilika kila baada ya mita mia chache. Mteremko unaotazama kaskazini, wenye baridi na theluji ya kukaa, hupona wenyewe. Wa kusini, wa chini na wa joto, huwa wa chitigrasi ukiungua mara moja. Utafiti uliochapishwa 2014 ulirudi kwenye makumi ya maeneo ya Great Basin yaliyopandwa mbegu miaka mingi kabla. Uligundua kwamba mbegu zilizomwagwa kwa ndege katika sehemu za chini, kavu na zenye joto mara nyingi hazikubadilisha kitu cha maana, wakati sehemu za juu zenye unyevu zilikuwa na mimea mizuri hata pasipokuwa na mkono wa mtu. Fedha zilimwagwa pamoja na mbegu mahali pasipoweza kuzipokea. Lakini ukimwambia ofisa kwamba kupanda kwa ndege hakufai utakuwa umemdanganya pia, kwa sababu yapo maeneo na miaka ambapo kunafaa. Anachohitaji ni njia ya kutambua, akiwa amesimama palepale, yuko kwenye mteremko wa aina gani.

Kwa maoni yangu hapa ndipo penye kazi bora kabisa iliyofanyika katika miaka ishirini iliyopita. Jeanne Chambers wa Idara ya Misitu, Richard Miller wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon, David Pyke wa USGS na wenzao walichukua rundo la tafiti na kulipanga upya kuzunguka maswali mawili: eneo hili lina uwezo gani wa kupona likiungua, na lina uwezo gani wa kuzuia nyasi vamizi? Majibu waliyafungamanisha na vitu ambavyo ofisa tayari anavyo, yaani joto na unyevu wa udongo, ambavyo vimechorwa kwenye ramani za udongo za wilaya yake, pamoja na mimea iliyokuwapo kabla ya moto. Mwaka 2014 na 2015 wakatoa miongozo ya kubeba uwandani, mmoja wa kuchagua tiba ya eneo na mwingine wa kupima haraka uwezo wa kupona baada ya moto, wenye karatasi ya kujaza alama.

Tazama inavyotumika. Ofisa anafika kwenye jivu akiwa na koleo dogo. Anasoma mwinuko na upande wa mteremko, anachimba shimo kuona kina na aina ya udongo. Anapiga magoti kwenye mashina ya nyasi za kudumu zilizoungua, anayapekua kwa kidole kuona kama kitovu cha shina bado kina uhai. Mashina hayo ndiyo siri ya nyika: mizizi yao mirefu inashindana na chitigrasi kwa maji. Kazi za Chambers na wenzake zinaonyesha kwamba mimea ya kudumu ya kienyeji, nyasi na maua, ikifunika takriban asilimia 20 ya ardhi, chitigrasi hupata taabu kutamalaki baada ya moto. Ofisa anahesabu, anajaza alama, anajumlisha. Alama zikiwa juu, aache eneo lijiponye na apeleke mbegu kwingine. Zikiwa katikati, hapo ndipo mbegu zinaweza kugeuza mambo. Zikiwa chini kabisa, ajue anaingia kwenye vita ya gharama, aamue macho yakiwa wazi. Hakuna ugunduzi mpya ndani ya karatasi ile. Upya wake uko katika mpangilio, na mpangilio huo ulihitaji wanasayansi waliokubali kutumia miaka yao kwa kitu ambacho hakileti sifa kubwa chuoni.

Mfano mwingine ni mdogo zaidi, nami naupenda kwa udogo wake. Sejibrashi kubwa ina spishi ndogo tatu kuu: ya Wyoming, ya milimani na ya mabondeni. Kwa macho zinafanana kiasi cha kumchanganya mzoefu. Ukipanda ya bondeni, inayotaka udongo wa kina na maji, kwenye kilima kikavu cha ile ya Wyoming, unapoteza fedha polepole. Watu wa uwandani wana njia ya kuitambua ya milimani: unatia majani machache kwenye maji, unayamulika gizani kwa taa ya miale ya urujuanimno, na maji yanang'aa buluu, ilhali ya Wyoming haing'ai hivyo. Kwa mbegu, kundi la mtafiti Bryce Richardson lilionyesha mwaka 2015 kwamba uzito unatosha kutenganisha ya Wyoming na ya bondeni, na kwamba shehena nyingi zilizouzwa kwa jina la Wyoming kwa kweli zilikuwa na mbegu za bondeni kwa wingi. Hilo ni jambo la mzani na karatasi moja ya maelekezo kwa mtu wa ghala. Makala ikikaa jaridani, ghala inaendelea kununua mbegu isiyo yake.

Kazi ya kuvusha mambo kama haya inahitaji mtu na mshahara. Marekani iliwahi kulitambua hilo vizuri. Mwaka 1998 Bunge lilianzisha Mpango wa Pamoja wa Sayansi ya Moto, unaoendeshwa na Idara ya Misitu pamoja na Wizara ya Mambo ya Ndani, ambayo kule ndiyo yenye sehemu kubwa ya ardhi ya umma, si wizara ya polisi wala uhamiaji. Baada ya miaka kadhaa ya kufadhili tafiti, mpango ukaanza kufadhili pia vituo vya kanda vya kubadilishana sayansi ya moto, hatimaye vikafika 15. Cha Great Basin kina makao yake Reno, Nevada. Watumishi wake ni wachache sana. Wanafupisha tafiti ziwe za ukurasa mmoja au miwili, wanaandaa mihadhara ya mtandaoni ambayo ofisa anaweza kuisikiliza akiendesha gari, na wanapanga ziara ambapo mtafiti, mfugaji na ofisa wanasimama mbele ya kiwanja kimoja na kubishana. Kimsingi ni maofisa ugani, isipokuwa mkulima wao ana shamba la ukubwa wa mkoa.

Neno kubadilishana lichukuliwe kwa uzito, kwa sababu njia ina pande mbili. Wafugaji wa Oregon walianza kujiunga katika vikundi vya kuzima moto wa malisho tangu miaka ya 1960, na Idaho ikafuata mwaka 2012. Hao wanajua upepo wa jioni unavyogeuka kwenye korongo fulani, wapi gari la maji linapita, na mwaka gani nyasi zilikuwa nyingi kuliko kawaida. Wapaiute na Washoshone wameishi na mimea hii kwa maelfu ya miaka, na wakati wa kuchuma mbegu, kutumia moto au kuuacha ni elimu iliyokuwa na wenyewe kabla ya chuo kikuu chochote kujengwa pale. Mtafiti anayewaendea kufundisha tu atarudi na maswali yaleyale aliyokwenda nayo. Pengine kifaa kinachoonyesha faida ya kukaa pamoja ni ramani za mtandaoni zilizotolewa 2018 na Chuo Kikuu cha Montana na idara za kilimo na ardhi, zinazoonyesha kwa kila mwaka tangu 1986 ni kiasi gani cha ardhi kimefunikwa na nyasi za mwaka mmoja, za kudumu, vichaka au udongo mtupu, kwa vipande vya mita 30. Mfugaji anafungua simu, anatafuta kitalu chake, na kama setilaiti imekosea yeye ndiye wa kwanza kuona.

Lipo jambo ambalo wavushaji wa maarifa wanashawishika kulifunika, nami naona si haki. Mara nyingine wanasayansi hawajakubaliana. Njia za kuzuia moto ni mfano. Mwaka 2020 BLM iliidhinisha mpango wa kuwezesha hadi kilomita 17,700 za njia hizo katika majimbo sita: mikanda inayofyekwa au kupandwa mimea mifupi isiyoungua upesi ili askari wa zimamoto wapate pa kusimama. Hoja yake ina nguvu kwa mtu aliyeona moto wa Martin ukila takriban hekta 176,000 za kaskazini mwa Nevada mwezi Julai 2018. Lakini watafiti wa USGS walikuwa wameshaandika, mwaka huohuo wa 2018, kwamba mikanda hiyo inakata nyika vipandevipande, inaweza kuwa mlango wa magugu, na ushahidi wa manufaa yake moto unapovuma kwa upepo mkali bado ni haba. Ofisa anastahili kupewa pande zote mbili bila kusafishwa. Kumpelekea hitimisho moja lililopambwa ni kumpokonya uamuzi ambao lawama yake ataibeba mwenyewe, na siku mkanda ukishindwa ataacha kuwaamini waliomshauri.

Tatizo gumu kuliko yote, kwa kadiri ninavyoliona, ni muda. Mradi uitwao SageSTEP, ulioanza katikati ya miaka ya 2000, uliweka viwanja sehemu mbalimbali za nyika, vingine vikachomwa kwa mpango, vingine vikafyekwa, vingine vikapuliziwa dawa, kisha vikafuatiliwa kwa zaidi ya muongo mmoja. Thamani yake imo katika uvumilivu huo, kwani picha ya mwaka wa tatu haikuwa picha ya mwaka wa kumi. Sasa linganisha na ofisi. Ofisa kijana hufika wilayani, hujifunza miteremko yake, na baada ya miaka miwili au mitatu amepata uhamisho. Anayemfuata anakuta faili lenye risiti za mbegu, lakini hakuna aliyeandika zilivyoota. Kwa sababu hiyo USGS ilijenga hazina ya kidijitali ya kumbukumbu za tiba za ardhi, na ili kuijaza watu walilazimika kupekua makabati ya ofisi za BLM kutafuta nani alipanda nini, wapi, mwaka gani. Nchi tajiri kiasi kile ilikuwa imetumia fedha za miongo bila kukumbuka ilizitumia wapi.

Na kiungo cha kati ndicho hukatwa kwanza. Mwaka 2018 serikali ya Trump ilipendekeza Mpango wa Pamoja wa Sayansi ya Moto ufutwe kabisa, Bunge likauokoa. Februari 2025 maelfu ya watumishi wa Idara ya Misitu na Wizara ya Mambo ya Ndani waliokuwa kwenye kipindi cha matazamio waliachishwa kazi kwa barua, kabla mahakama hazijaingilia. Wengi walikuwa vijana hasa wa aina niliyoieleza, waliokuwa wanaanza kuijua ardhi yao. Mwaka huohuo bajeti iliyopendekezwa ilitaka kufuta kitengo cha ikolojia cha USGS, ambamo mna watafiti waliofuatilia moto wa Soda miaka yote tangu 2015. Fedha za ndege za kuzima moto hazikosi mtetezi, kwa kuwa zinaonekana kwenye runinga. Mtu anayesoma tafiti arobaini na kuzifanya karatasi moja haonekani popote.

Ndiyo maana nadhani njia ya kumpata isitegemee huruma ya bajeti ya kila mwaka. Mpango wa ukarabati wa moto mkubwa tayari una fungu la mbegu, fungu la dawa, la uzio na la ndege. Uongezwe fungu la kurudi kupima mwaka wa tatu, wa tano na wa kumi, lililofungwa ndani ya mkataba uleule tangu siku ya kwanza ili lisihamishiwe moto mwingine, na ndani yake mshahara wa mtu atakayebeba vipimo hivyo hadi wilaya za jirani, awaonyeshe mteremko ulioota na ule ulioshindwa, kabla ofisa wa huko hajatia saini oda yake ya mbegu.